Waifai ya Marehemu Ergash

Mtaani kwetu, mjini Margilan, ukitaka waifai ya Bi Sanobar lazima kwanza umwombee marehemu mumewe. Unasimama mlangoni kwake na simu mkononi, naye anakuambia uinue viganja. Anasoma dua, unaitikia amina, unajipangusa uso, ndipo anakupa neno la siri, ambalo ni jina la marehemu mwenyewe, Ergash, likifuatwa na mwaka aliozaliwa. Ukisahau ukarudi kuuliza, dua inaanza upya. Yupo mzee mmoja wa upande wa msikiti ambaye alikuwa akisahau kila simu yake inapozimika, na nadhani marehemu amepata thawabu nyingi kupitia usahaulifu wa mzee yule kuliko kupitia watoto wake wote.

Mimi ni Hojar, jirani yake wa ukuta kwa ukuta. Nashona nguo za hariri, nimewavika mabibi harusi wa nusu ya mtaa huu, na mdomo wangu unajulikana. Nasema mapema ili mtu asije akalalamika.

Ruta ile, kisanduku cha kurushia waifai, ililetwa kwa ajili ya Muattar. Muattar ni mke wa Elyor, kitinda mimba wa Bi Sanobar, na kwetu kitinda mimba ndiye anayebaki nyumbani na mama, hata kama yeye mwenyewe yuko Korea akifunga nati kiwandani. Binti alikuwa akisomea ualimu wa hisabati. Alipoolewa akapata mimba, na mimba ikamkuta mwaka wa mwisho, masomo yakalala. Baadaye chuo kikakubali amalizie akiwa nyumbani, kwa kompyuta. Elyor akapiga simu, akasema, mama, wekeni mtandao, mke wangu amalize, nami nipate kuona sura zenu. Bi Sanobar alisikia zaidi lile la sura.

Fundi aliyekuja alikuwa mwanamume mnene mwenye haraka. Alitoboa ukuta, akapitisha waya, akataka kuitundika ruta ukumbini, juu ya mlango, katikati ya nyumba, ili kila chumba kipate.

"Juu ya viatu?" Bi Sanobar aliuliza.

"Iko juu kabisa, mama. Viatu viko chini."

"Kitu kilichonunuliwa kwa jasho la mwanangu hakitanusa viatu vya watu."

Ruta ikaenda chumba cha wageni, chumba ambacho hata wageni hawakiingii ovyo. Ikawekwa ndani ya kabati la vioo, katikati ya seti ya chai ya maua ya buluu ambayo tangu inunuliwe haijaonja chai. Kisha Bi Sanobar akaifunika kitambaa cha mahameli nyekundu kilichotariziwa nyuzi za dhahabu. Kitambaa kile nilikitarizi mimi kwa ajili ya kufunikia Kurani, kwa hiyo mnaweza kufikiria heshima iliyopewa ruta ile.

"Itapata joto," fundi alisema.

"Afadhali ipate joto kuliko ipate jicho."

Fundi alilitazama kabati, akakitazama kitambaa, akanitazama mimi kana kwamba mimi ndiye mtu mzima pale. Akakusanya vyombo vyake akaenda zake.

Muattar alikuwa amesimama na birika la chai. Mke wa mwana kwetu haongei sana mbele ya mama mkwe. Anaamka kabla ya wote, anafagia ua na mbele ya geti, anamimina chai, na akijibu anajibu kwa sauti ambayo lazima uisogelee ili uisikie. Muattar alikuwa fundi wa sauti hiyo. Mimi nilikaa naye ukuta kwa ukuta tangu harusi yake na nilikuwa sijamsikia akisema sentensi yenye maneno zaidi ya machache. Lakini dirisha la chumba kile cha wageni linatazama banda langu la kuku, na mimi nina macho. Kila mchana Bi Sanobar alipojinyoosha kulala, Muattar alikuwa akiingia pole pole, anafungua kioo, anatoa kitambaa, anaipangusa ruta vumbi kwa brashi yake ya kupakia wanja, anaigeuza masikio yake mawili yakatazama mlangoni, na anaiacha ipumue. Alasiri anaifunika tena kama mtoto mchanga. Mtandao wetu sote uliishi kwa brashi ile ya wanja.

Nimesema mtandao wetu. Ndiyo, mimi nilikuwa wa kwanza kuomba. Ukuta wangu wa tanuri la mkate ulikuwa unapata mawimbi vizuri kabisa, kuyaacha yapite bure ingekuwa israfu. Bi Sanobar hakusita. Kwetu jirani akiomba chumvi huulizi ni ya kupikia nini. Alisoma dua, nikaitikia, nikapewa. Asubuhi yake nikampelekea bakuli la halua ya unga. Bakuli likarudi na zabibu, maana hapa bakuli la watu halirudishwi tupu. Nikalipeleka tena na maandazi ya malenge. Likarudi na aprikoti kavu. Jirani wa pili akaona bakuli linavyokwenda na kurudi, akauliza kulikoni, nikamwambia. Sikuambiwa kuwa ni siri.

Kufikia majira ya kuchipua, mtaa mzima kuanzia kona ya msikiti hadi kwenye mfereji ulikuwa umemwombea Ergash na umo ndani ya ruta. Mabakuli yalikuwa yakipishana njiani. Bi Sanobar alinenepa, Muattar akawa na kazi ya kuosha mabakuli ya watu, na kwenye shughuli zote Bi Sanobar akawa anaketishwa mahali pa heshima, mbali na mlango, juu ya magodoro mengi. Zamani alikuwa mjane wa Ergash tu. Sasa watu walisimama akiingia. Sikuwahi kumwona mtu akivimba kichwa kwa utaratibu na adabu kama yule.

Halafu mtandao ukaanza kusuasua. Picha zinakatika, watu kwenye simu wanaganda mdomo wazi, tamthilia ya Waturuki tunayoifuata sote inazunguka kiduara katikati ya neno. Bi Sanobar hakuhitaji fundi kumwambia tatizo.

"Jicho," alisema. "Watu wanaisifu mno."

Akachukua kikaango chake cha zamani, akachoma majani makavu ya isiriki, dawa yetu ya kufukuza jicho, mpaka yakatoa moshi, akaingia chumba cha wageni akaifukiza ruta mara nyingi, kushoto na kulia, huku akiwataja wenye kijicho wa mtaani kwa majina yao. Na mtandao ukarudi. Mimi mwenyewe niliona, maana nilikuwa kwenye banda la kuku. Niliona pia kwamba moshi ulipokuwa mzito na mama mkwe akifumba macho kwa kikohozi, mkono mwembamba wa Muattar ulipita nyuma ya kabati, ukaizima ruta, ukasubiri, ukaiwasha. Sote tulikuwa tumetupwa nje, na mpaka tulipoingia tena mmoja mmoja ilikuwa imepata nafasi ya kupumua. Binti akikuficha jambo kwa ustadi namna ile, unamwachia.

Sifa zikaenea. Watu wakaanza kumletea Bi Sanobar majokofu, yaani walimwomba aende kuyafukiza. Hurshida, mke kijana wa nyumba ya tatu, alimwita kwenye televisheni yake. Hata Mwalimu Tolib, mstaafu aliyewafundisha fizikia wazazi na watoto wa mtaa huu, alikuja na simu yake mfukoni, akasema ni kwa majaribio tu.

Sasa lile jambo lenyewe. Mtihani wa mwisho wa Muattar ulikuwa wa kujibu kwa mdomo. Unakaa mbele ya kompyuta, walimu watatu wako chuoni, wanakuuliza, unajibu. Ukipita umemaliza, umekuwa mwalimu. Binti alikuwa amejiandaa mwaka mzima, mtoto mgongoni na kitabu juu ya gunia la unga. Siku ikafika, na kwa balaa ikaangukia mchana ambao tamthilia ilikuwa inaonyesha sehemu ya mwisho, ile ambayo tulikuwa tumeisubiri tangu baridi ili kujua kama yule mwanamke atamsamehe shemeji yake. Alimsamehe. Muattar hakusikia hata nusu ya swali la kwanza. Walimu waliganda, wakarudi, wakaganda, wakawa weusi.

Bi Sanobar alisikia kelele za watu mtaani kuwa mtandao umekufa, akaingia chumba cha wageni na kikaango chake kinachofuka. Alimkuta mkwewe ameketi sakafuni mbele ya kompyuta, ametulia. Dirisha lilikuwa wazi, nami nilikuwa nje nikitafuta mawimbi.

"Ondoka hapo niifukize," Bi Sanobar alisema.

"Moshi hautasaidia, mama."

"Jicho hili ni kali, naona. Sogea."

"Si jicho, mama. Ni watu."

Hilo ndilo jibu refu kuliko yote aliyowahi kumpa, na Bi Sanobar alikaa na kikaango mkononi mpaka isiriki ikaungua ikawa majivu. Kisha Muattar akamweleza, kwa sauti ile ile ya kuisogelea, kwamba njia ni moja na ni nyembamba, kwamba mtaa mzima unapita humo kwa mkupuo, kwamba yeye angeweza kuwafungia wote kwa kidole kimoja lakini hakuthubutu. Walimu wamempa nafasi nyingine wiki ijayo. Ikikatika tena, basi, chuo kimemaliza naye. Alisema hivyo halafu akaenda kuosha mabakuli. Mimi niliinama nyuma ya kuku wangu nikiona haya, na si kawaida yangu.

Bi Sanobar alikuja kwangu siku hiyo hiyo kabla ya jua kuzama. Nilikuwa nakanda unga. Aliketi juu ya ndoo niliyoipindua, akavua kilemba akakivaa tena.

"Hojar, nifanye nini na watu?"

"Badilisha neno la siri. Muattar atalibadilisha kabla hujamaliza kupiga chafya."

"Nimtoe Ergash?"

"Si umtoe. Umpumzishe."

"Mtaa mzima unamtaja kila siku. Watoto ambao hawakumjua wanamtaja. Kabla ya hapo nani alikuwa anamkumbuka? Wewe ulikuwa unamkumbuka?"

Nilikuwa simkumbuki, isipokuwa kwamba aliwahi kuua jogoo wangu kwa baiskeli.

"Basi waombe wazime kwa muda ule tu," nikamwambia. "Waambie binti ana mtihani."

"Nigonge mlango kwa mlango niwaambie nirudishieni nilichowapa? Dada yangu, mimi hata bakuli sidai." Akajipiga paja. "Na wakiambiwa wasiangalie, si ndio watachungulia kuona kama wenzao wanaangalia? Ungekuwa wewe?"

"Ningechungulia."

"Umeona."

Alikuwa amekunja uso, na kwa mara ya kwanza tangu ruta ije alionekana mzee. "Mwaka mzima alikuwa anasoma juu ya gunia langu la unga," alisema, "nami nikawa namwambia asogee nipate unga." Nilitaka kumpa maneno ya kumfariji, lakini si kipaji changu.

Hapo simu yangu ikalia dirishani. Ilikuwa ni dada yangu wa Samarkand, ambaye usipompokea anakununia mwezi.

"Nipokelee," nikamwambia. "Siwezi, mikono imejaa unga na mafuta."

Bi Sanobar hakuipokea. Alikuwa anaitazama mikono yangu. Simu ikalia, ikalia, ikanyamaza, naye bado anaitazama mikono yangu, mpaka nikaanza kufikiri amepatwa na kitu.

"Hojar," alisema, "una mchele kiasi gani?"

Wiki iliyofuata, asubuhi ya siku ya mtihani, nilipita mlango kwa mlango nikialika. Bi Sanobar anamsomea marehemu mumewe hitima, nikasema, kuna pilau, njooni nyote saa za mchana.

"Si alimsomea wakati wa baridi?" Hurshida aliuliza.

"Mtu anakatazwa kukumbukwa mara mbili? Na uzime televisheni ukitoka. Marehemu hakupenda nyumba iachwe peke yake na televisheni inapiga kelele."

"Ergash alikuwa na televisheni?"

"Hakuwa nayo, ndiyo maana hakupenda."

Walikuja wote. Nani anaacha pilau ya Bi Sanobar? Aliipika mwenyewe uani kwenye sufuria lile kubwa la chuma, kwa mafuta ya mkia wa kondoo, na aliyatia mafuta yale kwa mkono ambao haukujua huruma. Karoti zilikuwa zinaogelea. Wanawake waliketi kwenye magodoro chini ya mzabibu, wazee kwenye kitanda kikubwa cha uani, na watoto, baada ya kulishwa, walipandishwa kwenye mforsadi ambao ulikuwa umeiva, wakawa weusi mikono na midomo. Simu zilikuwa zimelazwa mapajani, kando ya mikate, zikisubiri. Muattar alikuwa ameshaingia chumba cha wageni, pazia limefungwa, nasi tulisema anamlaza mtoto.

Sinia zikaletwa zikifuka. Hurshida akatazama huku na huku.

"Mama, vijiko viko wapi?"

"Vimekwenda harusini," Bi Sanobar alisema.

"Vyote?"

"Ni harusi kubwa. Kuleni kwa mkono, ndivyo Ergash alivyokuwa anakula. Bismillahi."

Wakazamisha mikono. Nikaona vidole vinang'aa kimoja baada ya kingine, na roho yangu ikatulia. Simu moja ikaita, mwenyewe akaitazama kwa uchungu, akavitazama vidole vyake, akarudi kwenye sinia. Nilitaka kucheka. Halafu nikamwona Hurshida. Mkono wa kulia ulikuwa katika wali, lakini wa kushoto ulikuwa mkavu, safi kabisa, na ulikuwa unateremka kuelekea simu. Huyo msichana tangu azaliwe anatumia simu kwa kidole gumba cha kushoto. Nikamkanyaga Bi Sanobar mguu.

Bi Sanobar hakupepesa jicho. Alichukua kibakuli cha chai akakitia katika mkono ule wa kushoto kabla haujafika.

"Kunywa, mwanangu, pilau ina mafuta."

Kisha akatoa amri kwa kichwa, na mimi nikaanza kukimbia. Kila mkono wa kushoto uani ulipewa kibakuli cha chai. Na kwetu mgeni unayempenda humjazii chai. Unammiminia kidogo tu, ili akimaliza ummiminie tena, maana kibakuli kilichojaa ni kumwambia aende zake. Kwa hiyo nilimimina kidogo, nikamimina kidogo, nikapita mstari mzima na kurudi mwanzo, na hakuna aliyepata nafasi ya kuweka chai chini. Watu wazima wote waliketi mkono mmoja una mafuta na mwingine una chai. Mgongo uliniuma, lakini nilijiona jenerali.

Mwalimu Tolib alishiba mapema. Ni mtu wa kula kidogo na kuosha mikono sana. Aliweka kibakuli chake pembeni akaanza kujiinua kuelekea kwenye bomba, na nilikuwa najua kuwa kwenye simu iliyomo mfukoni mwake anafuata mechi ya mieleka.

"Mwalimu," Bi Sanobar alisema, "unanyanyuka kabla ya dua?"

Hilo halifanyiki. Mwenye shughuli asipoomba dua ya kumaliza, hakuna anayeosha mkono wala kusimama.

"Basi omba, dada," Mwalimu alisema, amesimama nusu.

"Nitaomba. Watu bado wanakula." Akaashiria, na sinia nyingine ikatua mbele ya watu waliokuwa wameshalegeza mikanda.

Mwalimu akarudi kukaa. Na katika kule kukaa, uani pakawa kimya kidogo, kimya cha watu walioshiba, ndipo tukamsikia.

Sauti ilitoka nyuma ya pazia. Haikuwa sauti ya kuisogelea. Ilikuwa kubwa, imenyooka, inasema jambo na sababu yake, halafu inasema "kwa hiyo", halafu inaendelea. Sijui hata neno moja la yale aliyoyaeleza. Lakini hapakuwa na kusita wala kuomba radhi ndani yake.

"Nani huyo?" Hurshida aliuliza.

Mabibi waligeuza vichwa kulitazama lile pazia. Mimi nimewajua wanawake wale maisha yangu yote, wengi wao waliingia nyumba za watu wakiwa na sauti kama hiyo na wakaifunga kwenye sanduku pamoja na nguo za harusi. Niliona mmoja wao, mama wa watu wazima wanne, akikishusha kibakuli chake cha chai kwa uangalifu ili kisigonge sinia.

"Ni Muattar," Bi Sanobar alisema mwishowe, akiangalia chini. "Ana mtihani. Ule wa kwanza ulikatika. Sikujua namna ya kuwaomba."

Nikasubiri waseme. Ningekuwa mimi ningesema mengi, kama nisingekuwa nimeshiriki.

"Ndiyo maana hakuna vijiko," Hurshida alisema polepole.

"Ndiyo maana nimekunywa chai ya mwezi mzima," akasema mwingine.

"Nyamazeni," Mwalimu Tolib alinong'ona, na alikuwa ameinama mbele, mkono wake wenye mafuta hewani. "Wamemuuliza swali gumu. Nyamazeni, anajibu."

Wakanyamaza. Sasa wangeweza kunawa, wangeweza kufanya walichotaka. Hakuna aliyefanya. Ua mzima ulikaa mikono juu, mafuta yakigandamana kwenye vidole, na kila watoto walipopiga kelele mtini mtu alifanya "sss". Simu ya mtu iliita, akaikalia. Mwalimu alikuwa akiitikia kwa kichwa kila baada ya maneno machache, mara moja akakunja uso, kisha akaachia, akasema peke yake, "Sawa, amerudi njiani." Bi Sanobar hakuwa anamwelewa Muattar wala Mwalimu. Aliitazama tu midomo ya Mwalimu, akiwa ameshika ukingo wa sinia kwa mikono miwili.

Kisha sauti ikakoma. Tukasikia kiti kikivutwa.

Muattar alitoka uso umewiva, akakuta mtaa mzima unamwangalia kimya na mikono inang'aa. Alishtuka. Akafanya lile ambalo mwili wake ulikuwa umelizoea, aliinamisha kichwa, akaja moja kwa moja kwenye sinia tupu na kuinama kuziokota.

Bi Sanobar akaishika ile sinia upande wa pili.

"Kaa," alisema.

"Mama, vyombo."

"Hojar ataosha. Kaa hapa."

Hapa ilikuwa ni mahali pake mwenyewe, juu ya magodoro yote, mbali na mlango. Muattar akanitazama mimi kama vile nina msaada. Akakaa ukingoni, nusu nje. Bi Sanobar akapiga magoti mbele yake, na magoti yale nayajua, ni mabovu miaka mingi. Akakusanya pilau ya katikati ya sinia, penye nyama na kitunguu saumu, akaifinyanga kwa vidole vyake ikawa tonge. Kwetu mtu mzima humlisha hivyo mgeni anayemheshimu kupita wote. Sijawahi kuona mama mkwe akimlisha hivyo mke wa mwanawe mbele ya watu, na mimi nimehudhuria kila shughuli ya mtaa huu. Akamwambia fungua mdomo, akamlisha.

"Umepita?" Hurshida aliuliza, hakuweza kujizuia.

"Mwache ameze," Bi Sanobar akasema.

Lakini Muattar hakungoja kumeza. Mashavu yake yamejaa, machozi yanashuka mpaka kwenye wali, akaitikia kwa kichwa, mara moja, halafu tena na tena kama mtu aliyesahau namna ya kuacha. Watu wakaanza kupiga makofi kwa mikono ile ya mafuta, na mimi nililia, sina haja ya kuficha, nikajifuta kwa kiwiko maana sikuwa na mahali pengine pasafi. Bi Sanobar hakugeuka kuwatazama waliokuwa wakimshangilia. Alikuwa bado amepiga magoti, ameinamia sinia, anafinyanga tonge la pili.